Nuru ya Uso wa Saa

Saa ya mkono ambayo tarakimu zake hung'aa gizani ni chombo kidogo, lakini tarihi yake ni ndefu na imechanganyika na msiba. Mwaka 1898 Marie na Pierre Curie waligundua radiamu mjini Paris. Haikupita miaka mingi ikatambulikana kuwa chembe ya radiamu ikitiwa katika unga wa salfidi ya zinki, mchanganyiko huo hutoa nuru usiku kucha pasipo moto wala jua. Mionzi ya radiamu huupiga unga daima, na unga hujibu kwa mwanga wa kijani.

Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 viliongeza haja ya saa hizo, maana askari aliyekuwa handakini alitaka kujua wakati bila ya kuwasha kiberiti kilichoweza kumfichua kwa adui. Katika mji wa Orange, jimbo la New Jersey, Marekani, wasichana waliajiriwa kupaka rangi hiyo. Ili tarakimu zitoke nyembamba, walifundishwa kuichongoa ncha ya brashi kwa midomo yao, wakaambiwa kuwa haidhuru. Wakemia wa kiwanda wao walijikinga kwa ngao za risasi na koleo.

Mwili huipokea radiamu kama uipokeavyo kalisi, ukaihifadhi mifupani. Meno yaling'oka, taya zikaoza, na baadhi yao wakafa. Mwaka 1925 Daktari Harrison Martland alithibitisha chanzo cha maradhi hayo. Mwaka 1927 Grace Fryer alifungua mashtaka, na wenzake wanne wakaungana naye. Mwaka 1928 shauri lilimalizwa kwa mapatano: kila mmoja alipwe dola 10,000, na dola 600 kila mwaka maadamu yu hai. Mwaka huo huo Sabin von Sochocky, mvumbuzi wa rangi ile, alifariki kwa maradhi yaliyotokana na radiamu.

Mwenye saa kuukuu ya namna hiyo asidanganywe na giza lake. Kilichochoka ni unga. Radiamu ingalipo, kwani hupoteza nusu ya nguvu zake kwa miaka 1,600 hivi. Asiifungue wala asikwangue rangi, kwa sababu vumbi lake likivutwa pumzini ni hatari. Kazi hiyo ni ya fundi ajuaye ashikacho.

Baada ya radiamu ilikuja tritiamu, ambayo mionzi yake ni dhaifu hata haipenyi kioo, na nusu yake huisha kwa miaka 12 hivi. Mwaka 1993 kampuni ya Nemoto ya Japani ilitoa rangi ya aluminati ya strontiamu, isiyo na mionzi kabisa: huazima nuru mchana na kuirudisha usiku. Saa ya rangi hii haidai matunzo mengi. Ionyeshwe mwanga kabla ya usiku, na ikingwe na unyevu, kwani maji yakiingia huiharibu rangi.

Nuru tuionayo leo haina dhambi, lakini usalama wake ulifunzwa kwa mifupa ya wasichana walioficha shaka yao kwa kuwaamini waliojua zaidi. Ajuaye hatari akamnyamazia mtendakazi wake, elimu yake imekuwa silaha.