Kutoka "mikono" hadi watu: historia ya ofisi inayoandika majina ya wafanyakazi

Juzi mzee mmoja aliyekimbia vita pamoja na familia yake alinionyesha mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na karatasi tatu za kazi aliyoifanya zamani mgodini. Nyumba aliiacha, mbuzi wake aliwaacha, lakini karatasi hizo alitoka nazo. "Jina langu limo humu," aliniambia.

Neno lake limenirudisha kwenye historia ya ofisi inayoandika majina hayo. Leo kampuni zinaiita ofisi ya rasilimali watu, na mkuu wake hapa Bukavu tunamwita DRH.

Katika nchi yetu, historia hiyo inaonekana vizuri zaidi Katanga. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Shaba ilikuwa nyingi, lakini watu wa kuichimba walikuwa wachache. Mwaka 1910 ikaundwa Bourse du Travail du Katanga, ya kutafuta wafanyakazi vijijini, mara nyingi kwa kulazimisha. Wengi walikufa kwa magonjwa kambini, wengine wakatoroka. Sheria ya mwaka 1922 iliruhusu mfanyakazi aliyevunja mkataba kufungwa jela. Idara iliyowasimamia iliitwa MOI, kifupi cha maneno ya Kifaransa yanayomaanisha "mikono ya kazi ya wenyeji". Yaani mikono, si watu.

Kuanzia miaka ya 1927 na 1928 kampuni ilibadilisha njia. Haikuwa huruma tu, ilikuwa hesabu. Kumleta mtu kutoka mbali, kumfundisha, kisha kumpoteza baada ya miezi michache, kulikuwa hasara. Basi ikatoa mikataba ya miaka 3, ikaruhusu wake na watoto kambini, ikajenga nyumba, hospitali na shule, na kugawa posho.

Lakini mfanyakazi hakupewa nafasi ya kusema. Desemba 1941, vita vya dunia vikiwa vimepandisha bei za vitu, wafanyakazi waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 askari walifyatua risasi Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Makumi ya watu waliuawa, akiwemo Léonard Mpoyi, msemaji wao. Kumlisha mtu bila kumsikiliza hakukutosha.

Turudi kwetu Kivu. Mwaka 1976 kampuni kadhaa za bati na dhahabu za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa Sominki. Kamituga, katika eneo la Mwenga, iliishi kwa mgodi huo. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka duniani, na mwaka 1997 Sominki ikavunjwa. Kwa miaka mingi baadaye, wafanyakazi wake wa zamani waliendelea kudai malipo yao ya mwisho. Hata Katanga, Gécamines, iliyorithi Union Minière, iliachana na wafanyakazi zaidi ya 10,000 mwaka 2003, kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Kampuni hubadilika jina, lakini deni kwa mtu halifi.

Siku hizi kampuni nyingi zimeanza kuelewa: mashine hununuliwa, lakini ujuzi wa mtu aliyekaa kazini miaka 20 hauuzwi dukani. Ndiyo maana DRH sasa huketi karibu na mkurugenzi. Nayo Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti mkataba unapoisha, kikionyesha kazi aliyoifanya na muda wake.

Lakini vita haviheshimu makabati ya ofisi. Daftari zikiungua, ushahidi unabaki kwako. Kwa hiyo, mama na baba mlio kambini au kwa ndugu, pigeni picha mkataba, karatasi za mshahara na namba ya CNSS, mtume nakala kwa mtu mnayemwamini aliye mahali pengine. Kama karatasi zimepotea, andikeni tarehe mnazokumbuka na majina ya wenzenu wawili mliofanya kazi pamoja. Wanaweza kuwa mashahidi wenu kesho.

Babu zetu walihesabiwa kama mikono. Sisi tusikubali majina yetu yapotee.