Njia ya Kuliendea Ziwa la Mlima Kenya

Mtu akisimama Kinanie, katika nyanda za Machakos, akaelekeza uso wake kaskazini, Mlima Kenya uko mbele yake, ingawa mara nyingi mawingu huuficha. Tarehe 3 Desemba 1849 mmisionari Ludwig Krapf, aliyekuwa mgeni wa Kivoi huko Kitui, aliuona mlima huo, akaandika jina alilolisikia kwa Wakamba, yaani Kiinyaa. Mtu mmoja wa Embu alimweleza habari za kitu cheupe cha huko juu, kiletacho baridi. Baadhi ya wataalamu wa Ulaya hawakusadiki kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Walakini wenyeji walikwisha kujua.

Mwaka 1899 Halford Mackinder alifika kilele cha Batian pamoja na viongozi wawili kutoka milima ya Alps. Vitabu vimehifadhi majina yao watatu. Majina ya wapagazi waliowachukulia mizigo na chakula ni vigumu kuyapata.

Msafiri wa leo ashikaye njia ya Chogoria hupita kwanza katika msitu, kisha katika mianzi, kisha kati ya lobelia zizidizo kimo cha mtu. Pumzi humpungua, na kichwa huweza kumwuma, basi hana budi kwenda polepole. Mwisho hufika ukingoni mwa genge refu, na chini yake huliona Ziwa Michaelson, lililo kadiri ya meta 4,000 juu ya usawa wa bahari. Bonde hilo lilichongwa na barafu zamani sana. Barafu ilipoyeyuka, maji yalijaa shimoni. Humo hutoka mto Nithi, ambao maji yake huishia katika Tana.

Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kenya ilianzishwa mwaka 1949. Usiku wa uhuru, Desemba 1963, Kisoi Munyao, mzaliwa wa Ukambani, aliipandisha bendera ya Kenya huko juu. Lakini mwishoni mwa karne ya 19 mlima ulikuwa na mito ya barafu 18. Mwaka 1986 ilibaki 11, nayo imezidi kupungua.

Basi, kijana, ukilifikia ziwa lile, kumbuka kwamba umesimama penye nyayo za barafu iliyokwisha kuondoka. Sheria huwazuia watu kukata miti. Joto la dunia halizuiliwi na mpaka wa hifadhi.