Kutoka paa la asbesto hadi bomba la kaboni

Nilipokuwa sekondari, paa la bweni letu lilikuwa la asbesto. Mvua ikinyesha halikupiga kelele kama bati, tukalipenda. Hakuna aliyetuambia kwamba tangu mwaka 1960, huko Afrika Kusini, Wagner na wenzake walishaandika kuhusu wagonjwa 33 wa saratani ya utando wa mapafu, karibu wote wakiwa watu waliowahi kuvuta vumbi la asbesto.

Nimekumbuka paa lile nikisoma historia ya kaboni, ile ile ya mkaa na penseli.

Mwaka 1985 Kroto, Curl na Smalley waligundua, Chuo Kikuu cha Rice kule Texas, molekuli ya atomi 60 za kaboni iliyojipanga kama mpira wa miguu. Mwaka 1991 Mjapani Sumio Iijima akaeleza vibomba vya kaboni. Kibomba cha ukuta mmoja kina upana wa nanometa 1 hivi; DNA yetu ina nanometa 2. Vitu vya kimo kimoja lazima vikutane, na mwaka 2003 watafiti walionyesha kuwa uzi wa DNA hujizungushia kibomba kama mmea utambaao.

Hiyo ilikuwa maabara. Je, mwilini? Mwaka 2008 watafiti wa Edinburgh waliwadunga panya vibomba virefu tumboni. Vikaleta uvimbe na makovu, sawasawa na asbesto! Vifupi havikufanya hivyo. Mwaka 2014 wakala wa saratani wa WHO ukaiweka aina moja ya vibomba, MWCNT-7, kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu.

Lakini mwili si mnyonge, ndugu msomaji. Mwaka 2010 Valerian Kagan na wenzake walionyesha kuwa mieloperoksidasi, kimeng'enya cha chembe nyeupe za damu kinachotengeneza asidi ya ukoo mmoja na jiki ya kufulia ili kuua bakteria, huweza kuvivunjavunja vibomba hivyo. Vilivyovunjwa havikuleta uvimbe kwenye mapafu ya panya.

Sasa vibomba vya kaboni vimo hata kwenye betri. Safari hii, angalau, maswali yameulizwa mapema. Asbesto tuliezeka kwanza, tukauliza baadaye.

Bweni letu bado lipo, na paa ni lile lile. Leo usiku kuna watoto watalala chini yake.