Yabisi la Tumbo: Kutoka Pwani hadi Njombe na Makambako

Kiswahili kina adabu yake katika kuyataja mambo ya tumbo. Mtu husema amefunga choo, au hapati haja kubwa, na wazee wa pwani wakisema tumbo limeyabisi, yaani limekauka. Neno hili yabisi lilikuja pamoja na tiba ya Waarabu, ile ambayo Ibn Sina aliipanga katika kitabu chake cha Kanuni mwanzoni mwa karne ya 11. Katika elimu hiyo mwili hutawaliwa na tabia nne: joto, baridi, ukavu na rutuba. Tumbo lililofunga ni tumbo lililozidiwa na ukavu. Dawa yake ni kulirejeshea rutuba, au kukisukuma nje kile kilichoganda ndani. Dawa ya kusukuma ndiyo iliyoitwa haluli.

Haluli za pwani zilizosifika ni tatu. Ya kwanza ni sanamaki, majani makavu ambayo jina lake lenyewe ni “sana ya Makka”, nayo yalivuka bahari katika majahazi yaliyoletwa na kaskazi. Ya pili ni shubiri, utomvu mchungu ambao kisiwa cha Sokotra kilijulikana kwa ajili yake. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya 1, kile kiitwacho Periplus, kinaitaja shubiri miongoni mwa bidhaa za bandari ya Kana, kusini mwa Uarabuni. Uchungu wake umewafaa washairi kwa mfano wa mapenzi yaliyokwisha, na umewafaa akina mama kwa kumwachisha mtoto ziwa. Ya tatu haikuhitaji jahazi. Ni mbarika, mmea wa Afrika hii hii, ambao mafuta yake yametajwa katika andiko la tiba la Misri la miaka ya 1550 kabla ya Kristo.

Mbarika ndiyo inayotuvusha kutoka ufukweni hadi nyanda za juu za kusini. Njombe imeinuka karibu mita 2,000 juu ya bahari. Asubuhi zake ni za ukungu, na mgeni wa pwani hujifunika blanketi katika mwezi ambao Unguja watu hulala barazani. Shubiri na sanamaki zilikuwa bidhaa za kununuliwa, lakini mbarika huota yenyewe kandokando ya nyumba na majalalani, pwani kama bara. Mafuta yake yalipakwa ngozini, yakawashwa taani na yakanywewa na mwenye tumbo gumu.

Mafuta hayo yana pia ukurasa wake katika historia ya vita. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwagawia watu maji ya dawa, ambayo wanahistoria wanaeleza kuwa yalichanganywa na mafuta ya mbarika na punje za nafaka. Vita vya Maji Maji vilipanda milima hadi nchi ya Wabena, na Septemba mwaka huo misheni ya Kilutheri ya Yakobi, karibu na Njombe, ikashambuliwa. Risasi za Wajerumani hazikugeuka maji. Dhuluma iliyowafanya watu wainuke ilikuwa ya kweli, na ushujaa wao ulikuwa wa kweli. Lakini mafuta yaliyokuwa na kazi yake nyumbani yalipewa kazi isiyokuwa yao, na watu wakafa. Hatari hiyo haikuisha na vita vile. Iko katika kila chupa ya dawa, hata ile ya tumbo.

Tumbo lenyewe nalo lina historia. Zamani chakula cha nyanda hizi kilikuwa ulezi na mtama, nafaka zilizosagwa juu ya jiwe pamoja na ganda lake. Mahindi, mgeni kutoka Amerika, yakazishinda polepole. Kisha mashine za kukoboa zikaleta sembe, unga mweupe ulioachana na pumba zake, ukaonekana kuwa ni chakula cha heshima, na dona likabaki chakula cha shule na jela. Weupe ule ulikuwa na gharama. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kwa karibu miaka 20 tangu 1946, alishangaa kuona maradhi mengi ya utumbo yaliyojaa hospitali za Uingereza ni adimu kwa wanavijiji wa Afrika. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vyao: chakula kilipita tumboni mwa wanavijiji wa Uganda kwa takriban saa 36, na mwilini mwa mabaharia wa Uingereza na jamaa zao kwa zaidi ya saa 80. Sababu kubwa waliyoitaja ni makapi, yaani zile nyuzinyuzi za chakula ambazo mkobozi huzitupa.

Makambako ni mfano wa mabadiliko hayo. Mji huu umekua penye makutano: barabara kuu iendayo Zambia, barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Abiria na dereva wa masafa hunywa maji kidogo ili asisimamishe gari, hula chipsi na mkate mweupe, na hujizuia haja hadi kituo kijacho. Haja ikizuiwa, utumbo huendelea kunyonya maji, na kilichobaki hukauka. Yabisi la wazee limepata maelezo mapya, wala halikukanushwa.

Basi mtu hurudi kwenye dawa ya nyumbani, na hapa ndipo pa kupima. Mafuta ya mbarika yaliyotengenezwa vizuri hufungua tumbo ndani ya saa chache, lakini mbegu yake ina sumu iitwayo risini. Sumu hiyo huharibiwa na moto na haichanganyiki na mafuta; aliyetafuna mbegu mbichi, hasa mtoto, yumo hatarini. Ndiyo sumu iliyomuua mwandishi wa Bulgaria Georgi Markov mjini London mwaka 1978. Majina nayo huleta mkanganyiko: mbono kwa wengine ni mbarika, na mbono kaburi ni mmea mwingine, ambao mbegu zake hutapisha na kuharisha vibaya. Anayeagiza “mbono” bila kuuona mti anaagiza asichokijua. Na mama mjamzito asiyaguse mafuta haya, kwani yanaweza kuuamsha mji wa mimba kabla ya wakati.

Sanamaki ni dawa ya siku chache. Ikinywewa kwa miezi hukata tumbo kwa msokoto na kuupotezea mwili maji na chumvi ambazo moyo huzihitaji ili upige sawasawa. Shubiri ya kunywa ilikosa ithibati ya usalama, na mwaka 2002 Marekani iliiondoa katika haluli zinazouzwa bila cheti cha daktari. Dawa za kiwandani nazo hazina kinga: fenolftalini, iliyouzwa duniani kama peremende ya kulainisha choo kwa karibu karne nzima, iliondolewa nchini humo mwaka 1999 kwa kuhofiwa saratani. Ama kupitisha maji nyuma kwa kibuyu au mrija, maji ya moto huunguza, dawa kali huchubua, na mrija mgumu unaweza kuutoboa utumbo.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote haimo katika mti wala chupa, imo katika kukosea ugonjwa. Afrika Mashariki ni miongoni mwa sehemu za dunia ambako utumbo kujisokota hutokea mara nyingi. Mgonjwa huyu naye hapati choo. Lakini tumbo lake limevimba na kuuma, hapitishi hata hewa, na anatapika. Kumpa haluli ni kusukuma mlango uliofungwa kwa nje, na ukuta ndio upasukao. Hali kadhalika mtoto mchanga asiyepata choo katika siku mbili za kwanza za uhai wake. Huenda amezaliwa na utumbo usio na mishipa ya fahamu ya kuusukuma, na hakuna mzizi utakaouumba upya. Hawa ni wa daktari wa upasuaji, na kila saa inayopotea ina thamani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hakuna maradhi yafichwayo kama ya choo.

Serikali ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002. Mwaka uliofuata majaribio ya maduka ya dawa muhimu, yenye wauzaji waliofunzwa, yalianza mkoani Ruvuma, mwisho wa ile barabara inayotoka Makambako. Nia ilikuwa kumweka mtu mwenye maarifa kati ya mgonjwa na chupa. Kazi hiyo zamani ilikuwa ya bibi aliyejua mti upi, kiasi gani, na wakati gani wa kusema: huyu mpelekeni.

Njombe, iliyofanywa mkoa mwaka 2012, leo imejulikana kwa maparachichi yake yanayovuka bahari kwenda Ulaya. Tunda hilo limejaa yale makapi ambayo Burkitt aliyasifu. Parachichi moja, dona badala ya sembe, maharage, maji ya kutosha na kutoidharau haja inapobisha hodi: hayo ndiyo yanayoirudisha rutuba ya wazee bila kumdhuru mtu. Haluli ibaki mahali pake, kwa siku chache na kwa mkono wa ajuaye.