Changamwe na Wauzaji wa Ndege

Watu wengi wakitajiwa biashara ya ndege hufikiri juu ya nauli. Abiria hulipa, ndege huruka, na hesabu imekwisha. Lakini yuko mfanyabiashara mwingine ambaye abiria hamwoni kabisa, naye ni yule amwuziaye mwenye ndege. Huyu huuza magurudumu na mipira yake, nyaya, vioo, viti, mitambo ya redio, mafuta ya kuendeshea injini na mafuta ya kuilainisha. Ndege hununuliwa mara moja, kisha huweza kutumika miaka 20 au zaidi, na katika miaka hiyo yote haiachi kununua. Nchi zenye viwanda zimelijua jambo hilo tangu zamani. Kila zinapoona nchi ya ng'ambo imeanza kupenda safari za angani, hupeleka watu wao wakapeleleze ni nini kitakachohitajiwa huko, na nani atakayelipa.

Afrika ya Mashariki imekuwa soko la namna hiyo kwa karibu miaka 100 sasa. Katika habari hii nataka tulitazame soko hilo tukiwa tumesimama Changamwe, upande wa bara ya Mombasa, maana ndipo mahali ambapo pwani yetu ilipata kuwa muuzaji, si mnunuzi tu.

Kampuni ya kwanza ya ndege katika Kenya iliyodumu kwa miaka kadhaa ilianzishwa Nairobi mwaka 1929. Mwenyewe alikuwa mjane wa Kiingereza, Florence Kerr Wilson, na rubani wake mkuu alikuwa Tom Campbell Black. Walianza na ndege ndogo aina ya Gipsy Moth, kazi ya kiwanda cha de Havilland cha Uingereza. Mwaka 1931 kampuni kubwa ya Imperial Airways ikaleta safari za kutoka London hata Mwanza, na mwaka uliofuata ikafika Cape Town. Hapa yafaa tutulie kidogo. Imperial Airways ilipewa fedha na serikali ya Uingereza kila mwaka, na sharti mojawapo lilikuwa kwamba itumie ndege na injini za Kiingereza. Kwa hiyo kila kiwanja kilichofunguliwa katika makoloni kilikuwa pia duka jipya la viwanda vya Uingereza. Hakuna aliyewauliza watu wa Mwanza au wa Mombasa wangependa ndege ya nchi gani.

Mwaka 1937 zikaja ndege za majini zilizoundwa na Short Brothers. Zilitoka Southampton, zikafuata Mto Nili, zikatua Kisumu, kisha zikashuka Mombasa, Dar es Salaam na bandari nyingine za kusini hata Durban. Ndege za namna hii hazikuhitaji uwanja, maana maji ya bandari yalitosha. Hata hivyo zilihitaji maboya, mashua za kuchukulia abiria, na mafuta yaliyowekwa tayari pwani. Vitu vingi vya namna hiyo vililetwa kwa meli. Kilichopatikana hapa kwetu kilikuwa nguvu za mikono ya wapagazi na wanamaji.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoipa Changamwe uwanja wa kweli. Mwezi wa Aprili 1942 Wajapani waliupiga mji wa Colombo katika kisiwa cha Ceylon, na manowari za Kiingereza za Bahari ya Hindi zikahamishiwa Kilindini. Nyambizi za Kijapani zikafika hata mlango wa bahari wa Msumbiji. Wahandisi wa jeshi la Afrika ya Kusini wakatengeneza kiwanja cha ndege Port Reitz, na ndege za jeshi la majini la Uingereza zikakitumia kuzisaka nyambizi. Hatari ilipopita, kiwanja kikatolewa kwa wasafiri wa kawaida. Hivyo ndivyo mambo mengi ya uchukuzi yalivyotujia: vita ilijenga, na biashara ikarithi.

Tarehe 1 Januari 1946 likaanzishwa shirika la East African Airways, mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja kwa pamoja. Lilianza na ndege 6 za de Havilland, zenye rafadha mbili na mabawa ya ghorofa. Baadaye likapata Dakota za Marekani, ambazo vita vilikuwa vimeziacha nyingi na kwa bei nafuu. Mwaka 1957 likanunua Argonaut, iliyoundwa Canada lakini ikaendeshwa na injini za Rolls-Royce. Na mwaka 1960 likapata Comet, ndege ya jeti. Mwanafunzi akiifuata orodha hiyo ataona kwamba nchi zetu zilikuwa zikinunua kwa bidii hata kabla hazijapata uhuru wao.

Lakini ndege ambayo historia yake yatufundisha zaidi ni Super VC10, iliyoanza kazi hapa mwaka 1966. Iliundwa Weybridge, karibu na London, kwa ajili ya viwanja vilivyo juu na penye joto. Nairobi iko mita 1,600 juu ya bahari. Huko hewa ni nyepesi, na ndege nzito hupata taabu kuinuka. VC10 iliwekewa injini 4 zenye nguvu nyingi, zote zikiwa nyuma karibu na mkia, ili mabawa yaachwe huru yafanye kazi yao ya kuinua. Ilikuwa ndege nzuri mno, na abiria waliisifu kwa utulivu wake. Hata hivyo mashirika mengi ya dunia yalichagua Boeing 707 ya Marekani, iliyokuwa nafuu kuiendesha, tena njia nyingi za kurukia zilikuwa zimekwisha kurefushwa kwa ajili yake. Viwanda vya Uingereza viliunda VC10 54 tu. East African Airways ilinunua 5. Kwa muuzaji mwenye wateja wachache namna hiyo, sisi hatukuwa wateja wadogo.

Na hapa ndipo penye fundo la habari yenyewe. Anayenunua ndege isiyo ya kawaida hujifunga kwa muuzaji mmoja. Kila kipuri cha ndege lazima kiwe na hati yake, ioneshayo nani alikiunda, kwa kipimo gani, na nani alikikagua. Sheria hizo zilitokana na mapatano ya mataifa yaliyofanyika Chicago mwezi wa Desemba 1944, nazo ni za haki, kwa kuwa angani hakuna mahali pa kusimama njiani ukatengeneza. Lakini matokeo yake ni makubwa. Fundi hodari wa Magongo aweza kuchonga bolti iliyo sawasawa kabisa na ile iliyotoka Weybridge, hata macho yasiweze kuzitofautisha, na bado bolti yake isiruhusiwe kutiwa katika ndege. Hana hati. Kuipata hati hiyo hutaka maabara, wakaguzi, vitabu na miaka mingi ya kazi. Mimi hufundisha walimu watarajiwa, nao mara nyingi husema kwamba hatuuzi vipuri kwa sababu hatuna mafundi. Nadhani sivyo. Mafundi tumekuwa nao, tangu karakana za Nairobi za shirika lile. Tulichopungukiwa ni ile njia ndefu ya kuthibitishwa.

Mwaka 1972 VC10 moja ilianguka Addis Ababa ikiondoka, na watu 43 wakafa. Mwaka 1977 shirika lenyewe likavunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, na Kenya ikaanzisha Kenya Airways mwaka huohuo. VC10 4 zilizosalia zikarudi Uingereza, zikanunuliwa na jeshi la anga, zikageuzwa kuwa ndege za kuwapa wenzao mafuta wakiwa angani. Moja yao, ambayo zamani ilichukua namba ya Tanzania, ndiyo VC10 ya mwisho kuruka duniani, tarehe 25 Septemba 2013.

Je, Changamwe ilikuwa na nini cha kuuza? Ilikuwa na mafuta. Mwaka 1963, mwaka wa uhuru wetu, kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza kazi Changamwe, kikiwa mali ya makampuni makubwa ya mafuta ya ng'ambo. Meli zilileta mafuta ghafi kutoka nchi za Ghuba. Kiwandani yalipashwa moto katika minara mirefu, na kila aina ikajitenga kwa kadiri ya joto lake: petroli juu, mafuta ya taa chini yake, dizeli chini zaidi, na mafuta mazito kama lami yakabaki chini kabisa. Mafuta yanayotumiwa na ndege za jeti ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa ambayo nyanya zetu walitia katika vibatari, ila husafishwa zaidi na kupimwa kwa uangalifu ili yasigande katika baridi ya juu angani. Basi kiwanda kilichokuwa kikiwasha taa za vijijini kiliweza pia kuziendesha ndege. Serikali ya Kenya ikanunua nusu ya hisa mwaka 1971. Mwaka 1978 bomba la mafuta lenye urefu wa kilomita 450 hivi likafunguliwa kutoka Mombasa hata Nairobi, na mafuta ya ndege yakaanza kusafiri chini ya ardhi, yakipita Voi na Mtito Andei, kuufikia uwanja wa Embakasi.

Wakati huo huo kiwanja cha Port Reitz kikapanuliwa ili kipokee ndege kubwa moja kwa moja kutoka ng'ambo, na kikaitwa kwa jina la Rais Moi. Ndege za kukodiwa zikaleta watalii, hasa Wajerumani. Zile zilizoshuka asubuhi zilihitaji mafuta, maji, chakula na usafi kabla ya kuondoka. Wavuvi, wakulima wa mboga na wafuaji wa nguo wa Kisauni na Likoni wakapata sehemu yao kupitia mahoteli, ingawa wengi wao hawakupata kulikaribia bawa la ndege.

Soko la namna hii huvunjika upesi. Agosti 1997 watu wenye silaha walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, machafuko yakaenea upande wa kusini, watu wa bara wakafukuzwa makwao, na watalii wakaacha kuja. Tarehe 28 Novemba 2002 magaidi waliilipua hoteli moja ya Kikambala, na saa hiyohiyo makombora mawili yakarushwa kwa ndege ya Israeli iliyokuwa ikiondoka Mombasa. Makombora yalikosa. Hata hivyo, Mei 2003 Uingereza ilizuia kwa muda ndege zake zisije Kenya. Muuzaji wa samaki wa Likoni hakuwa na neno lolote katika mambo hayo, lakini hasara ilimfikia.

Kiwanda cha mafuta nacho kilipatwa na ugonjwa wa namna nyingine. Mitambo yake ilikuwa ya kizamani. Katika kila shehena ya mafuta ghafi kilitoa mafuta mazito mengi, ambayo bei yake ni ndogo, na petroli na mafuta ya ndege machache kuliko viwanda vipya vya Asia. Kwa muda mrefu sheria iliyalazimisha makampuni kusafishia sehemu ya mafuta yao Changamwe, nayo yakalalamika kwamba mafuta yaliyokwisha kusafishwa ng'ambo yalikuwa rahisi zaidi. Mwaka 2009 kampuni ya Essar ya India ilinunua nusu ya hisa, ikaahidi kutia mitambo mipya ambayo gharama yake ilikadiriwa kupita dola bilioni 1. Ikapiga hesabu tena, ikaona kazi hiyo haitalipa. Septemba 2013, mwezi uleule ambao VC10 ya mwisho iliruka, kiwanda kikaacha kusafisha mafuta.

Wako wanaosema kwamba ilikuwa vema kifungwe, kwa kuwa mnunuzi hapaswi kulipa zaidi ili kumbeba muuzaji mchovu. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini nionavyo mimi, mitambo ile haikuzeeka kwa siku moja. Ilikuwako miaka 20 na zaidi ya kuifanya upya pole pole, na katika miaka hiyo sheria ya kuwalazimisha wateja ilifanya kazi ambayo ubora wa bidhaa ungepaswa kuifanya. Mteja anayelazimishwa hamfundishi muuzaji lolote. Viwanda vya Ghuba vilikuwa na wateja walio huru kuondoka, kwa hiyo vilijitengeneza.

Wauzaji wengine nao wamebadilika. Mwingereza aliyetawala soko hili zamani amewapisha Boeing wa Marekani, Airbus wa Ulaya na Embraer wa Brazil, ambaye ndege zake ndogo za jeti zilianza kutumika katika Kenya Airways mwaka 2007. Brazil hiyo ilianzisha kiwanda chake mwaka 1969, miaka 6 baada ya moto wa kwanza kuwashwa Changamwe.

Kipevu kulijengwa gati jipya la mafuta, lililofunguliwa mwaka 2022, ambalo meli 4 zaweza kufunga kwa mara moja. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilipatana na makampuni ya Saudi Arabia na ya Falme za Kiarabu yaletayo petroli, dizeli na mafuta ya ndege kwa mkopo. Mafuta hayo hufika yakiwa yamekwisha kusafishwa. Hupita katika mabomba chini ya bahari hata nchi kavu. Mengine huenda Nairobi, na mengine huingia katika hazina ya uwanja wa ndege wa Mombasa, kilomita chache tu kutoka kwenye minara ya kiwanda kile, ambacho matangi yake sasa ni ghala la kuwekea mafuta yaliyosafishwa kwingine.