Marekani: Nyaya za mfumo wa upepo wa matairi katika malori yaliyostaafishwa jeshini

Jeshi la Marekani huyaondoa kazini malori ambayo halina tena haja nayo, na mengi ya malori hayo hayaishii kwenye vyuma chakavu. Baadhi hupigwa mnada na kununuliwa na wakulima, wakandarasi na wapenzi wa magari makubwa. Mengine, kupitia mipango inayosimamiwa na Shirika la Misitu la nchi hiyo, hukabidhiwa majimbo, na kutoka huko hufika katika vikosi vya zimamoto vya vijijini ambavyo wengi wa askari wake ni watu wa kujitolea. Lori la aina hiyo likifungwa tangi la maji huweza kupita penye mchanga na matope ambapo gari la kawaida la zimamoto lingenasa. Agosti 2017, kimbunga Harvey kilipoifurikisha Houston, malori hayo marefu yalionekana yakipita katika mitaa iliyojaa maji na kuwachukua watu.

Uwezo huo hautokani na injini pekee. Siri yake kubwa iko kwenye upepo wa matairi. Tairi likipunguzwa upepo hutandaza sehemu inayogusa ardhi, uzito wa gari hugawanyika, na gurudumu hupita juu ya mchanga badala ya kujichimbia kaburi. Likirudi barabarani sharti lijazwe tena, kwani tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, hupata joto, na kwa mwendo wa kasi huchanika. Dereva anayeshuka kwenye gari na kujaza magurudumu sita moja moja hupoteza muda ambao moto haumpi.

Wazo la kuifanya kazi hiyo kutoka ndani ya kibanda si jipya. Gari la nchi kavu na majini la DUKW, lililoanza kuundwa na General Motors mwaka 1942 na kutumika katika Vita Vikuu vya Pili, lilimwezesha dereva kubadili upepo wa matairi bila kushuka. Kifaa hicho huhesabiwa kuwa kazi ya Frank Speir. Wasovieti waliuendeleza mtindo huo katika malori yao, kuanzia ZIL-157 iliyoingia viwandani mwaka 1958, kisha ZIL-131 na Ural-375. Katika magari hayo dereva hugeuza kishikio, husoma geji, na hukifunga kishikio akisharidhika. Hakuna umeme unaoamua chochote, na kwa sababu hiyo fundi wa Ural hana habari na balaa linaloelezwa hapa.

Wamarekani walichagua njia ya elektroniki. Mfumo wao ulifungwa kwenye malori ya tani tano ya M939A2, kwenye M35A3 yaliyofanyiwa ukarabati katika miaka ya 1990, na kwenye familia ya FMTV iliyoundwa Sealy, Texas, kwa kufuata ramani ya lori la Steyr la Austria, na kuanza kupokewa na wanajeshi mwaka 1996. Kwenye deshibodi kuna kisanduku chenye vitufe vya barabara kuu, njia mbovu, mchanga na dharura. Dereva hubonyeza kimoja, na mashine hufanya yaliyosalia kwa dakika kadhaa.

Ili kuelewa mahali nyaya zinapoingia, ni vyema kuufuata upepo wenyewe. Kompresa ya injini hujaza matangi ya breki. Kutoka huko hewa, ikiwa imekaushwa na kikaushio, hufika kwenye kizuizi cha valvu kilicho chini ya gari, ambacho ndani yake mna solenoidi za kujaza, kupunguza na kuongoza, pamoja na kitambuzi cha shinikizo. Kizuizi hicho hupeleka hewa kwenye mabomba, hupitia sili zinazozunguka pamoja na ekseli, na kuishia kwenye valvu ya kila gurudumu. Kazi ikiisha, mabomba huachiliwa hewa na valvu za magurudumu hujifunga, hivyo gari linapotembea sili hazibebi mzigo wowote. Kisanduku cha deshibodi huamrisha solenoidi, husoma kitambuzi, hupokea habari za mwendo, na huitegemea swichi inayozuia hewa isiibwe kwenye breki pale matangi yanapopungukiwa.

Mpango huo una fadhila moja ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Umeme ukikatika kabisa, matairi hayamwagi upepo. Lori huendelea kutembea likiwa na upepo uleule liliokuwa nao, na gurudumu huweza kujazwa kwa mpira wa kompresa kama la gari jingine lolote. Hatari iko kwa dereva aliyekwisha kushusha upepo ili apite mchangani, halafu mfumo ukakataa kuupandisha.

Dalili ya kawaida ni taa za kisanduku kuanza kumweka zote kwa pamoja na vitufe kutoitika. Wakati inapotokea dalili hiyo ni ushahidi wa kwanza. Taa zikianza kumweka mara tu baada ya kuwasha gari, kabla hewa haijapelekwa popote, sababu huelekea kuwa ya umeme: waya uliokatika, plagi iliyoingia maji, koili iliyoungua. Zikimweka baada ya dakika kadhaa za kujaribu kujaza, yafaa kwanza kuchukua maji ya sabuni na kutafuta mapovu kwenye mabomba na sili, maana kisanduku hukata tamaa pia pale shinikizo lisipopanda. Nyaya nyingi nzima zimekatwa bure na mafundi waliolipuuza tundu dogo la bomba.

Ikiwa ushahidi unaelekeza kwenye umeme, kazi ya mikono hutanguliwa na usalama. Magurudumu huwekewa vigingi, betri hutenganishwa, na hewa ya matangi hutolewa kabla ya kufungua bomba lolote. Magari haya hutumia volti 24, zinazopatikana kwa kuunganisha betri za volti 12 kwa kufuatana, na chaja au taa ya majaribio ya gari dogo haifai. Rimu nyingi za kijeshi ni za vipande vilivyofungwa kwa nati, na zimepata kuwaua watu. Nati zinazoshikanisha vipande hivyo haziguswi kamwe wakati tairi lina upepo, hata kama nia ni kutafuta waya tu.

Mahali pa kuanzia si kisanduku cha deshibodi, ingawa ndicho kinacholaumiwa kwanza na ndicho ghali kuliko vyote. Pa kuanzia ni plagi ya kizuizi cha valvu. Iko chini, hupigwa na matope, chumvi ya barabara za majira ya baridi na maji ya kuoshea, na kabla ya kuuzwa lori huenda limekaa uwanjani miaka kadhaa bila kuguswa. Plagi hiyo hufunguliwa na pini zake huangaliwa kwa tochi. Unga wa kijani au mweupe ni kutu ya shaba na bati. Pini iliyorudi nyuma ndani ya tundu lake haigusani na mwenzake hata plagi ikikazwa namna gani. Baada ya hapo mkono hufuata fungu la nyaya kando ya fremu, ukisimama kila penye kona ya chuma, kibanio kilichopoteza mpira wake, na pale fungu linapopanda kuingia kibandani. Kibanda cha FMTV huinamishwa mbele ili injini ifikiwe, na nyaya zinazopita karibu na bawaba hukunjwa kila kinapoinuliwa.

Mita ya umeme hutumika baadaye, na kwa uangalifu. Kipimo cha kuunganika kwa waya, kile kinacholia mlio, kinaweza kudanganya: waya uliobakiza unyuzi mmoja utalia vizuri kabisa, lakini hautaweza kubeba mkondo wa solenoidi. Kipimo cha kuaminika ni kupima volti zinazopotea wakati waya unafanya kazi. Mita huwekwa ncha hadi ncha ya waya uleule, solenoidi ikiwa imeitwa. Ikionyesha zaidi ya nusu volti, pana mahali umeme unazuiliwa. Waya wa eathi hupimwa hivyohivyo, na mara nyingi ndio mkosaji, kwani hufungwa kwenye fremu iliyopakwa rangi na kushika kutu. Koili za solenoidi hupimwa plagi ikiwa imefunguliwa, na kusomwa kwa kulinganishwa: inayotofautiana sana na wenzake ndiyo ya kushukiwa. Kutoboa plastiki ya waya kwa sindano ya mita ni desturi mbaya. Tundu lile huingiza maji, na mwaka unaofuata kosa jipya huzaliwa palepale.

Nyaya za kijeshi zina hisani ya kuandikwa namba. Katika M939 namba hizo zimegongwa kwenye vipande vya bati vilivyovikwa wayani; miongozo ya ufundi ya jeshi huzitaja, na mingi kati yake hupatikana kwa umma. Fundi anayebadilisha waya na kuitupa namba yake amemfungia mlango atakayemfuata.

Kiungo chenyewe hufanywa kwa bomba la shaba la kukaza kwa koleo maalumu, kisha hufunikwa mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Wapo wanaopendelea kulehemu kwa bati, lakini bati huufanya waya kuwa mkavu mwisho wa kiungo, na mtikisiko wa lori huuvunja hapohapo. Waya mpya huwa na unene uleule wa zamani. Viungo vya nyaya zilizo jirani havipangwi mahali pamoja, ili fungu lisivimbe na kusuguana. Fungu huachwa na ulegevu kidogo, huwekwa mbali na bomba la moshi, na kabla ya kuingia kwenye plagi hushushwa kitanzi ili matone yaanguke badala ya kuingia ndani. Fundi akihitaji kuchomelea chuma popote kwenye gari, kisanduku cha elektroniki hufunguliwa plagi kwanza.

Wamiliki wengi huchoka kabla ya kufika hapo, hung'oa mfumo wote na kuziba mabomba. Kwa lori lisilotoka barabarani, uamuzi huo hauna dhambi, alimradi geji ya mkononi itumike kila wiki. Kwa kikosi cha zimamoto kilicho kati ya nyasi kavu na mchanga, hesabu ni nyingine.

Kazi ikikamilika, jaribio la kwanza hufanyika gari likiwa limesimama, injini ikinguruma na matangi yakiwa yamejaa, mita ikionyesha karibu volti 28. Dereva huita njia mbovu kutoka barabara kuu, kisha huirudisha, na mtu mwingine hupima kila tairi kwa geji ya mkono. La pili hufanyika baada ya fungu la nyaya kutikiswa kwa mkono na plagi kumwagiwa maji. Mfumo ukisimama katika jaribio hilo, afadhali usimame uani.