Usikivute kidole kilichogongwa na mpira

Mchezaji wa voliboli anaporuka kuzuia kombora kwenye wavu, mpira wenye uzito wa gramu 260 hadi 280 huweza kumgonga kwenye ncha ya kidole kilichonyooka. Kishindo hicho husukuma pingili za kidole kuelekea kiganjani, na aghalabu kiungo cha kati ndicho huumia: kano zinazokishikilia huvutika kupita kiasi au kuchanika, kisha kidole huvimba na kukataa kukunjika. Ajali hiyo huwapata pia wachezaji wa mpira wa vikapu, netiboli na handiboli, pamoja na walinda lango wa soka.

Katika viwanja vingi, hasa vya shule, huduma ya kwanza huwa ni mwenzake kukishika kidole na kukivuta hadi kilie. Desturi hiyo yafaa kukomeshwa. Anayevuta hawezi kujua iwapo mfupa umevunjika, na kano iliyochanika nusu yaweza kukatika kabisa. Kukanda kwa maji moto siku mbili za mwanzo nako huzidisha uvimbe.

Mchezaji aondoke uwanjani, avue pete kabla kidole hakijavimba, na aweke barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20. Arudie mara kadhaa siku hiyo huku mkono ukiwa umeinuliwa. Iwapo kidole kimenyooka sawa na anaweza kukikunja na kukinyoosha mwenyewe, kifungwe pamoja na jirani yake kwa plasta, pamba ikiwa katikati. Plasta ipite juu na chini ya kiungo, si juu ya kiungo chenyewe. Baada ya siku chache aanze kukikunja polepole, kwani kidole kikifungwa muda mrefu bila sababu hukakamaa. Uvimbe kidogo huweza kubaki kwa miezi hata maumivu yakiisha.

Kidole kilichopinda, kilichokufa ganzi au kisichoweza kukunjika kinahitaji daktari na eksirei. Mtoto apelekwe mapema zaidi, kwa sababu sehemu ambako mfupa hukulia iko karibu na kiungo.

Lipo jeraha moja linalopuuzwa mno kwa kuwa haliumi sana. Ncha ya kidole huinama kama kichwa cha mtu anayesinzia, na mwenyewe hawezi kuiinua. Ukano unaoinyoosha umekatika. Tiba yake ni banzi linaloishikilia ncha ikiwa imenyooka, usiku na mchana, kwa wiki 6 hadi 8. Ikiachwa iiname hata mara moja, hata wakati wa kunawa, hesabu huanza upya. Wachezaji wa raga nao hukumbwa na kinyume chake: kidole kikinasa kwenye jezi ya mpinzani, ncha hushindwa kukunjika. Hilo kwa kawaida huhitaji upasuaji, na kungoja hata wiki mbili kwaweza kuharibu matokeo yake.

Kuhusu kinga, kocha aanze na mikono. Anayezuia kwenye wavu avitanue vidole na kuvikaza, wala asivielekeze kwenye mpira. Anayedaka pasi ya juu aelekeze vidole juu, ya chini avielekeze chini. Mpira usijazwe upewo kupita kiwango. Na kidole kilichowahi kuumia kifungwe na mwenzake kila mazoezi na mechi kwa wiki kadhaa baada ya kupona.